Rangi Tatu Katika Kitabu cha Mwalimu Kioko

Mnicheke tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka, ingawa siku ile pale shuleni Kathonzweni nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kalamu zangu zote.

Nilikuwa nafanya utafiti wa shahada ya pili kuhusu sarufi ya vitabu vya sayansi, na msimamizi wangu hakutaka nihesabu chochote, alitaka nisome sentensi moja moja, nizipange kwa aina, kisha niwahoji wanafunzi wanazielewaje (kwetu Kitui ukisema hivyo unaulizwa, sasa hiyo nayo ni kazi?). Mwalimu Kioko wa biolojia, mtu mpole asiyejua kusema hapana, akaniazima kitabu chake nikatoe fotokopi. Sasa, fotokopi iko huko sokoni, jua linachoma, na mimi kutembea ni mvivu, nikaona heri nipake rangi humo humo kitabuni: nyekundu kwa sentensi zisizosema nani amefanya kazi, kijani kwa zinazomtaja, manjano kwa zile ndefu ambazo mtoto akizisoma anaishiwa na pumzi kabla ya nukta. Nikapaka sura nzima ya mmeng'enyo wa chakula, nikakiacha kitabu mezani kwake, nikaenda zangu kunywa chai.

Kumbe mtihani ulikuwa wiki iliyofuata, na aliyeutunga ni huyo huyo Mwalimu Kioko. Kiranja wa kidato cha tatu alikuja kuchukua chaki, akaona kitabu cha mwalimu kimepakwa rangi, na kufikia jioni darasa zima lilikuwa na maelezo kamili: nyekundu lazima itoke, kijani huenda ikatoka, manjano ni ya insha. Sura nyingine zote wakazifunga. Nami nilipowahoji kesho yake walinitajia sentensi zangu neno kwa neno, nikafurahi kama mjinga, nikaandika kwamba wanaelewa vizuri sana.

Jumamosi kukawa na mkutano wa wazazi, na mwalimu mkuu akaniita mbele niwasalimu. Kabla sijafungua mdomo, Mama Mwikali, mzazi wa mmoja wa wale niliowahoji, akasimama na kuku kwapani.

"Mimi sina maneno mingi," akasema. "Huyu msichana ametoka university akaonyesha watoto wetu mahali mtihani itatoka. Mwikali siku hizi analala bila wasiwasi. Ni muvea muno, mwiitu wakwa. Asante sana, binti yangu. Shika hii kuku."

Makofi yakapigwa. Nikampokea kuku (wewe ungefanyaje?). Mwalimu mkuu akamgeukia Mwalimu Kioko, na uso wa yule maskini ulinikata maini, maana mtihani ukivuja mwalimu anaweza kupoteza kazi, na kosa lake lilikuwa kuniazima kitabu tu.

"Kioko, mtihani imetoka aje?"

"Si yeye!" nikaropoka. "Ni mimi nimepaka, na hizo rangi si za mtihani." Hapo nikaanza kuwaeleza wazazi utafiti wangu, sentensi hii na sentensi ile, kuku naye akipiga kelele kila nikifika penye maana, mpaka mzee mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono.

"Kwa hivyo hizo rangi zinasaidia mtoto kupita?"

"Hapana, mzee."

"Sasa zinasaidia nani?"

"Mimi," nikasema.

Mwalimu mkuu akaenda ofisini kuutazama ule mtihani, na aliporudi alimpa Mwalimu Kioko mkono mbele ya wote: hapakuwa na swali hata moja la mmeng'enyo wa chakula. Mwalimu akashusha pumzi, nami nikashusha yangu. Lakini wazazi walikuwa wanaanza kuelewa watoto wao wamesoma nini wiki nzima.

Mama Mwikali akaja mbele polepole, bila hasira yoyote, akanyoosha mikono.

"Basi, mwiitu wakwa, nirudishie kuku."

Nikamrudishia. Mahojiano yote nikayatupa, na tangu siku hiyo naenda fotokopi hata jua liwake namna gani, na nikiazimwa kitabu cha mtu kalamu naziacha nyumbani.