Mlima Niliopanda kwa Mdomo

Nakumbuka siku moja ya theluji laini, ile inayoshuka bila haraka kama manyoya ya kuku, nimesimama na beleshi mbele ya ofisi moja pale Saint Louis Park, Minnesota. Mji wote ulikuwa umenyamaza. Theluji ya namna ile, mwanangu, humfanya mtu aote akiwa amesimama, na mtu anayeota husema ovyo. Mimi nilisema neno moja tu, "Ndiyo," na neno hilo likanipeleka mpaka Himalaya, karibu linizike huko.

Juzi baada ya ibada kijana wetu mmoja wa chuo aliniuliza anunue viatu gani, maana yeye na wenzake wanakwenda kutembea siku kumi na mbili kwenda kambi ya chini ya Everesti. Nilimjibu kwa ukali, akaondoka amenuna. Leo namjibu vizuri, na wewe usome. Habari ya viatu nitaifikia.

Shule mimi niliishia darasa la saba, na hilo la saba nililisoma kwa kurukaruka. Kiingereza nimekiokota hapahapa, kwenye korido nilizokuwa nafagia. Magari ya kusukuma theluji unayoyaona yameegeshwa nyumbani kwangu Crystal yalianza na beleshi moja lenye mpini uliofungwa waya. Hilo nalisema kifua mbele. Ila wakati ule nilikuwa kijana mwenye aibu, na kijana mwenye aibu ni hatari kuliko mwenye njaa.

Basi akatoka mwenye ofisi, Mmarekani mrefu kama mlingoti, jina lake Dale, kikombe cha kahawa mkononi.

"Unatoka nchi gani?"

"Tanzania."

"Kilimanjaro!" Akatanua mikono kama kakutana na ndugu aliyepotea. "Umeupanda?"

Swali hilo unalijua. Wanatuuliza kazini, wanatuuliza hospitali, wanatuuliza tukinunua mayai. Mimi nimezaliwa Old Moshi. Mlima ulikuwa nyuma ya banda letu la ng'ombe, nikiuona kila nikienda kukata majani, na sikuwahi kuupanda. Wenyeji wengi ndivyo tulivyo. Siku zote nilikuwa najibu hapana, na kila nilipojibu hapana niliona uso wa mtu ukizimika. Siku ile sikutaka uzimike.

"Ndiyo," nikasema.

"Mara ngapi?"

"Tatu." Mbili niliiona ndogo.

Wiki iliyofuata aliniita ndani, akaniketisha kwenye kiti kile kile nilichokuwa nakifuta vumbi usiku nikifanya usafi, akawaita wafanyakazi wake wote waje kusikiliza. Palikuwa na keki. Nikawasimulia chupa ya maji inavyoganda ukiwa umeikumbatia. Nikawasimulia mgeni aliyefika kileleni akalia akimwita mama yake, na kivuli cha mlima kinavyolala juu ya mawingu jua likichomoza. Hadithi zote zilikuwa za kweli. Zilikuwa za baba yangu.

Baba alikuwa mpagazi. Miaka ishirini na tatu alibeba mizigo ya wageni, sanduku kichwani na begi mgongoni, na utosini alikuwa na upara wa ukubwa wa kiganja, pale mzigo ulipokaa. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka. Nilipotimiza miaka kumi na minane aliniambia, "Twende safari moja, uone." Nikamjibu, mbele ya mama, kwamba sitabeba mabegi ya mtu maishani mwangu. Hakunipiga. Alisema tu, "Haya, mangi mkubwa," kama anayemwamkia chifu, akaendelea kula ndizi zake.

Sasa ona nilivyofanya. Mzigo wa baba niliukataa, hadithi zake nikazichukua, na jina lake sikulitaja hata mara moja. Wale watu walianza kuniita Eli, kwa kufupisha Elirehema. Kabla ya hapo nilikuwa yule jamaa wa theluji. Ukiitwa jina lako baada ya miaka minne, mwanangu, ni tamu, nisikudanganye.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilipitia Katmandu. Dale alikuwa ameiota safari ya Himalaya tangu ujana wake, akapata wenzake wanne, akaja kuniambia, "Eli, bila wewe siendi. Wewe ni mtu wa milima." Maji nilikwisha kuyavulia nguo, ningefanyaje? Nikatia akiba ya misimu miwili ya beleshi, naye akajazia, nikaenda.

Tulitua na ndege ndogo kwenye uwanja uliolala kando ya jabali. Jioni kiongozi wetu, Pasang, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, alifungua daftari akamuuliza kila mmoja amewahi kufika juu kiasi gani. Nikasema Kilimanjaro, kileleni. Dale akadakia, "Mara tatu!" Pasang akaandika, akanitazama kwa heshima. "Basi wewe utembee nyuma, utusaidie kuwaangalia wengine."

Unaona? Nikawa mwangalizi. Na mwangalizi hakuna anayemwangalia.

Siku za kwanza zilikuwa kama ndoto ya mtoto. Tulivuka madaraja ya kamba yanayobembea juu ya mto mweupe kama maziwa. Ng'ombe wa kule wana manyoya mpaka magotini na kengele shingoni. Unazisikia kabla hujawaona, ukungu ukifunguka unakuta pembe ziko usoni pako. Kila kilimani wamefunga vitambaa vya rangi vilivyoandikwa sala, na upepo ndio unaozisoma. Tulikula wali na dengu, tulilala kwenye vyumba vya mbao nyembamba hata unamsikia jirani akigeuka. Ilikuwa kupanda kidogo, kupumzika, kupanda tena. Pasang alikuwa anatuimbia, "Polepole, polepole," neno letu wenyewe, alilofundishwa na wageni waliotoka Kilimanjaro. Wazungu wakanigeukia wakacheka. Nami nikacheka.

Siku ya tano kichwa kikaanza, kama mtu anatwanga mahindi ndani. Siku ya sita chakula kikanikataa, nikawa natapika kwenye mfuko wa plastiki na kuuficha. Kila jioni Pasang alipita mezani akiuliza, kichwa vipi, tumbo vipi, usingizi vipi? Wenzangu walisema ukweli wao, mmoja akalazwa siku nzima kupumzika, hakuna aliyemcheka. Ilipofika zamu yangu nilisema, "Safi." Nilikuwa nimepiga hesabu. Kambi tunayokwenda iko chini kuliko kilele cha Kilimanjaro. Mtu aliyefika kileleni mara tatu ataumwaje hapa? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo niliijua kwa moyo, lakini methali haikuokoi kama umeifungia kabatini.

Siku ya saba mchana nikawa sitembei tena Himalaya. Nilikuwa kihambani, shamba letu la nyumbani. Niliona migomba pembeni mwa njia, na maji ya mfereji yalikuwa yanacheka. Mbele yangu alikuwa anakwenda baba, sanduku kichwani, hageuki. Nikamwita. Akakata kushoto, nami nikakata kushoto. Ilikuwa raha, mwanangu. Hakuna aliyeniambia kwamba kufa kunaweza kuwa raha namna ile.

Mkono ukanikamata begi kwa nyuma, ukanivuta nikaanguka kwa makalio. Kushoto hapakuwa na njia. Palikuwa na hewa, na chini kabisa uzi mweupe, ule mto.

Aliyenivuta alikuwa mzee mpagazi aliyekuwa anapita nyuma yangu na magunia yetu. Jina lake Dawa. Sikutunga, huko ni jina la watu. Akapiga ukelele, Pasang akarudi mbio. Alichora mstari kwenye vumbi kwa kisigino, akanitaka niutembee, unyayo mbele ya unyayo. Hatua ya tatu nikaanguka kama mlevi wa mbege.

"Unashuka sasa hivi," akasema.

"Mimi nimepanda Kilimanjaro."

"Mlima hausomi barua za mlima mwingine." Akachuchumaa, uso wake karibu na wangu. "Niambie kweli, peke yetu. Umepanda au hukupanda?"

Ulimi ulikuwa mzito. "Baba yangu ndiye aliyepanda."

"Alikuwa mgeni?"

"Mpagazi."

Kisha akasema, na maneno haya nimeyabeba mpaka leo: "Mimi pia nilianza na mzigo. Ungesema siku ya kwanza kwamba wewe ni mtoto wa mpagazi, wapagazi wote hapa wangekuamkia kama ndugu, na mimi ningekutazama kwa macho mawili. Umeificha heshima uliyokuwa nayo, ukavaa ya kuazima. Na nguo ya kuazima imekaribia kukuzika."

Dale alitaka kukatisha safari yake ashuke nami. Pasang akakataa, mzigo wa Dawa wakagawana wenzake, na Dawa akanishusha. Begi langu akalivaa yeye, mzee wa umri wa baba yangu, mkono wake mmoja umenishika mkanda kama unavyomwongoza ndama. Kiingereza hakujua. Nikisimama alisema neno lao moja, nikatembea. Tuliposhuka chini hadi kwenye miti, kichwa changu kikafunguka kama kioo kilichofutwa. Dawa yangu ilikuwa Dawa.

Tukaketi kwenye jiwe. Akavua kofia ajifute jasho, na pale juu ya paji la uso, pale ukanda wa mzigo unapokaa, hapakuwa na nywele. Ngozi tupu, inang'aa. Wanasema milima haikutani. Mimi nimeiona ikikutana, kwenye kichwa cha mzee mmoja. Nikalia, naye akanipa chai.

Kambi ya Everesti sijaiona. Dale na wenzake walifika, walirudi na picha. Tuliporudi Minnesota akaandaa keki nyingine pale ofisini, nami nikasimama, nikawaambia: sijawahi kupanda mlima wowote, hadithi zile ni za baba yangu mpagazi. Nilidhani watacheka. Dale hakucheka.

"Tulilala chumba kimoja, Eli," alisema. "Ningeamka nikukute maiti, ningemwambia nini baba yako?"

Kazi hakuninyang'anya, lakini majira yote ya baridi yale alinisalimu kwa kichwa tu, na kiti cha ndani sikukikalia. Ilinibidi nikilipie kwa kusema kweli siku baada ya siku, mpaka kikarudi.

Siku ile ile nilipiga simu nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mangi mkubwa. Umepona theluji?"

Nikamwambia yote. Akasikiliza, kisha nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: "Wewe ulikuwa unaumwa kichwa?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Safari ya kwanza nililia nyuma ya jiwe. Nikamwambia mkubwa wetu, akanirudisha. Safari ya pili nikapanda."

"Mbona hukutusimulia hilo?"

"Mlikuwa mnacheka upara. Ningewapa na kilio?"

Mwaka uliofuata nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa amekwisha choka, magoti yamekataa, lakini alitaka kuunusa msitu. Tukapanda mpaka kibanda cha kwanza tu, kutwa nzima, tukipumzika kila penye gogo. Alikuwa na begi dogo lenye sweta, ndizi za kuchoma na chupa ya chai. Nililibeba mimi. Wapagazi vijana waliokuwa wanatupita walimwamkia yeye, "Shikamoo mgumu!" ndivyo wapagazi wa kwetu wanavyoitana, kisha wakaniuliza mimi ni nani.

"Mpagazi wake," nikasema. Baba akanyoosha shingo kama jogoo.

Ndilo begi la pekee la mtu mwingine nililobeba mlimani, na ndilo lililonipa haki ya kuusema. Leo Wamarekani wakiniuliza kama nimeupanda, nawajibu: mpaka kibanda cha kwanza, aliyefika juu ni baba yangu, keti nikusimulie. Na uso wa mtu hauzimiki, mwanangu. Haujawahi kuzimika.

Basi sikia. Ukifika nchi za watu usivae safari ya mtu mwingine, hata ya mzazi wako. Isimulie kwa jina lake, itakupasha joto bila kukuua. Ukiulizwa jioni kichwa vipi, kama kinauma sema kinauma, iwe mlimani, iwe darasani, iwe kwenye ndoa yako. Kiongozi hawezi kutibu "safi." Ukiambiwa shuka, shuka, baba yangu alishuka ndipo akapanda. Na anayekubebea mzigo mwulize jina lake siku ya kwanza.

Na wewe kijana uliyeniuliza, viatu nunua vipana, uvivae miezi miwili hapa hapa, kwenye ngazi na kwenye theluji, kabla hujavipeleka kwa watu. Kiatu kipya nacho ni mwongo.

Nenda, mwanangu. Mungu wa milima yote, wa kwetu na wa kwao, akupe pumzi ya kutosha na ulimi mnyoofu, akuwekee mkono nyuma ya begi lako pale usipoona njia, na akurudishe mlangoni kwa mama yako ukiwa na hadithi yako mwenyewe, hata kama imeishia njiani.