Ambulensi Moja, Amri Mbili

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu: siku niliyomwambia bosi wangu hapana mbele ya watu. Nilikuwa msichana wa Walukuba, hapa hapa Jinja, mtoto wa Wanubi, na kwa hiki Kiswahili changu, ambacho Uganda wanakiona lugha ya askari, wenzangu ofisini waliniita Afande. Waniite tu!

Tulikuwa tunatengeneza programu ya kuwatumia wagonjwa ambulensi, Jinja na Mbale. Kila mji ulitaka seva yake, kompyuta kuu ya kuyatuma magari, na hakuna uliokubali kuwa chini ya mwenzake. Bosi, Bwana Wandera, akaamua kuwaridhisha wote: seva mbili, kila moja na ruhusa ya kutoa gari lolote. Nikamuuliza, "Mtandao ukikatika kati ya seva hizo, nani mwenye neno la mwisho?" Akacheka. "Afande, wewe unapenda vita."

Siku ya majaribio, ofisini Jinja, wagonjwa wa kuigiza walipiga simu pande zote mbili, madaktari wakitazama. Nikakata mtandao. Kila seva ikadhani nyingine imezimika. Mara dereva wetu akapiga kutoka Iganga, njiani kati ya miji hiyo miwili: "Jamani, mimi niko mmoja! Jinja wananituma Nalufenya mjini kwao, Mbale nao wananiita kwao. Nimwache nani?"

Akilini nilimwona mama mwenye uchungu wa kuzaa akingoja gari lisilokuja. Hasira zikanipanda.

Nikasema tuweke seva ya tatu, Tororo. Kila gari liwe na kufuli moja ndani ya programu, ili lisipewe amri mbili, na seva mbili kati ya hizo tatu zikubaliane ndipo kufuli lifunguliwe. Itakayobaki peke yake inyamaze, watu wapigiane simu.

"Mtambo unyamaze mgonjwa akiita?" Bwana Wandera akafoka. "Weka hizo mbili, ama uende kwenu!"

"Kwetu karibu, bwana, nitatembea. Mbili siweki."

Nikachukua mkoba wangu. Nilikuwa mlangoni daktari mmoja wa Mbale aliposema, "Huyo akitoka, na sisi tunatoka." Seva ya tatu ikawekwa.

Sasa na wewe unachagua mfumo wa kufuli wa kazi yako. Watakusifia ule wa haraka, ule unaotumiwa na wakubwa. Wewe kata mtandao kwanza, uone unafanya nini. Mfumo ukidanganya, ukatae, hata kama aliyeuleta ndiye anayekulipa. Mfumo ukisema "sijui", mtu atatafuta njia nyingine. Ukimwahidi gari ambalo halipo, atakaa angoje.

Mwenyezi Mungu akupe ubishi wangu, mwanangu, na asiwepo mgonjwa atakayefia mlangoni kwake kwa sababu wewe ulimwogopa bosi.