Kivuli Ndani ya Kava la Daftari

Harufu ya gundi ya unga wa uwele, ikiwa bado ya moto, hunirudisha kwenye duka la vitabu la Mzee Shabani, hatua chache kutoka stesheni ya Dodoma. Ilikuwa miaka ile ya ruksa ya biashara huria, sabuni za kila rangi ziliporudi madukani na mitumba ikaning'inia hadi mitini, ingawa karatasi nzuri bado ilikuwa ya kubahatisha. Mbele ya kaunta mzee aliuza vitabu vya shule, misahafu na Biblia. Nyuma yake, kwenye taipureta, aliandika hadithi za kutisha. Vijitabu vyake vilisomwa hadi Mpwapwa. Mama yangu, mkulima wa Kigogo asiyependa utani na mizimu, alinikataza kuvigusa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema, nami nilikuwa tayari kuvunjika yote mawili. Kila nikitoka shule nilipita pale kumdadisi.

"Babu, wewe huogopi unayoyaandika?"

"Aa, mjukuu wangu. Naogopa msomaji anayefunga kitabu katikati."

Kila aliyenunua daftari kwake alifunikiwa bure. Alitumia karatasi za fulskepu alizoharibu kwenye taipureta, upande wenye maandishi ukitazama ndani. Fulskepu moja ilitosha daftari bila kubaki hata kidogo pa kukunja, ndiyo maana akapaka gundi pembeni. Siku ya kufungua shule duka lilifurika, naye kwa haraka akachota rundo silo: nakala safi ya riwaya yake ndefu ya kwanza, aliyoiandika kwa miaka mitatu, ya kupelekwa kwa mchapishaji Dar es Salaam. Karatasi ya kaboni ilikuwa adimu, kwa hiyo nakala ya pili haikuwepo. Kufikia adhuhuri riwaya nzima ilikuwa imeingia darasa la tano.

Kesho yake alikuja shuleni, akasimama mbele ya mstari wetu, kofia mkononi.

"Wanangu, naomba mnirudishie makava yangu. Nitawafunikia upya."

Nilishtuka kuona mtu aliyetisha mji mzima akikaribia kulia mbele ya watoto. Tulibandua makava kwa kitambaa chenye maji, tukayapanga barazani wakati wa mapumziko, tukasoma habari za msafiri aliyeshuka kwenye treni saa kumi alasiri, jua likiwa limeinama, bila kivuli. Ukurasa mmoja ulirudi ukiwa umetafunwa na mbuzi. Kila mtoto aliyepeleka karatasi dukani alimng'ang'ania mzee amwambie mwisho wa hadithi. Hadi Ijumaa kurasa zote zilikuwa zimepatikana, isipokuwa ule wa mwisho.

Huo ulikuwa kwenye daftari langu la hesabu. Nilikuwa nimeusoma peke yangu nyuma ya vyoo vya shule: kivuli kilikuwa kimemtangulia msafiri nyumbani, kimekaa mlangoni kwa mama yake, kinamenya karanga. Sijui hadi leo kwa nini karanga zile zilinitisha kuliko damu yoyote. Najua tu kwamba kwa mara ya kwanza nilikuwa na jambo ambalo darasa zima halikuwa nalo, na uroho ukanishinda. Nikaubandika tena. Mzee Shabani akaandika mwisho mwingine, kitabu kikatoka, kikasifiwa. Katika mwisho ule kivuli hakionekani tena. Nilikinunua, nikakisoma kwa aibu.

Siku hizi madaftari huja na picha za wachezaji mpira, hayahitaji kava. Wanafunzi wa chuo kikuu pale Chimwaga husoma kwenye simu, na wanangu wawili hutishwa na video fupi wanazozisahau kabla chai haijapoa. Mimi sijasahau kitu. Duka lile lilipokaribia kufungwa nilikwenda na ukurasa wangu, madoa ya gundi yakiwa bado pembeni, nikamkuta mzee akipanga vitabu vya mwisho kwenye maboksi.

"Shikamoo, babu. Nimeleta kava."

"Marahaba, Nyemo. Umechelewa kidogo."

Aliusoma polepole hadi chini, akacheka alipofika kwenye karanga. Nikamuuliza kama alijua.

"Tangu wiki ile ile. Kila mtoto aliuliza hadithi imeishaje. Wewe, mdadisi kuliko wote, hukuuliza."