Ukuta uliotufukuzia wateja

Leo ndiyo nimejua kwa nini nyumba yetu ya Ukunda haipati mnunuzi.

Tangu mwaka jana tunaiuza. Dalali siku hizi hata simu zetu hapokei. Na mwenye lile shamba la Msambweni tunalotaka kuhamia ameanza kuchoka kutusubiri.

Asubuhi nikapigiwa simu na dada mmoja nisiyemjua.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuangalia nyumba, lakini hapa ukutani pameandikwa HAIUZWI."

Nikajifunga leso, nikatoka mbio.

Kweli. Herufi nyekundu, kubwa, mtu anazisoma akiwa ndani ya tuktuk.

Aliziandika mume wangu zamani, matapeli walipotaka kuiuza nyumba bila sisi kujua. Tulipoamua kuuza wenyewe, akazipaka chokaa. Mvua za masika zimeiosha chokaa yote. Sisi tunapitia mlango wa uani, huo ukuta wa barabarani nani anauangalia?

Nikamwita aje aone kazi yake.

Akasimama pale, akazitazama herufi zake. Kisha akasema, "Mvua ya mwaka huu ilikuwa kubwa."

Hilo tu. Chekeni, hata mimi nimecheka.

Yule dada akaingia, akakagua kila chumba, akaonja na maji ya kisima. Alipotoka akamkuta mume wangu ameshashika brashi.

"Usiyafute maandishi hayo, baba," akamwambia. "Nikishahamia nitayahitaji."

Mmesikia? Nikishahamia.

Mwenye shamba la Msambweni, kama unasoma hapa, tuvumilie kidogo tu.