Herufi Mbili za Mboje

Kijana ninayemzungumzia hapa anaitwa Mboje, na niseme mapema kwamba nilimdharau. Nilimdharau akiwa kidato cha pili, nikamdharau alipomaliza cha nne kwa alama za kumtia mzazi aibu, na siku kanisa lao lilipotundika kitambaa getini chenye picha yake na maneno "Mmisionari Wetu" nilimdharau kuliko siku zote. Mimi ni Respicius, mwalimu wa Kiswahili, mtu wa Bukoba niliyeletwa Bariadi na barua ya uhamisho miaka kumi na tisa iliyopita. Watu wa hapa husema najisikia. Hawajakosea.

Ugomvi wangu na Mboje ulikuwa wa herufi mbili. Kisukuma hakina r, kwa hiyo mtoto wa hapa akija shuleni habari huwa habali na barabara huwa balabala. Wengi hujirekebisha taratibu. Mboje aliandika insha nzima juu ya wananchi kupiga kula, nikaisoma mbele ya darasa kwa sauti yake, na kila l iliyokaa mahali pa r nikamhesabia kiboko. Mwaka uliofuata alikuwa ameiogopa l kabisa. Sasa akaweka r kila mahali. Akaniita mwarimu, akaomba karamu ya kuandikia, akasema jana hakurara vizuri. Darasa lilicheka, nami nilicheka nao, na sikuona haja ya kumfundisha upya.

Kanisa lao lina urafiki na kanisa moja la Marekani, katika mji mdogo wenye viwanda vya kuchinja kuku. Wanaofanya kazi humo ni wahamiaji kutoka Guatemala na El Salvador, watu wa Kihispania. Wageni wa kanisa hilo walipokuja Bariadi walitaka kijana mmoja aende kuwahudumia wahamiaji hao kwa mwaka mmoja. Walikuwapo vijana wenye diploma, wanaovaa tai. Wageni wakamchagua Mboje, aliyekuwa akiwaoshea gari, kwa sababu eti alipowasalimia aliinama na kungoja wajibu. Huo ndio uliokuwa usaili.

Mama yake, Milembe, ni mjane, na nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu. Ana simu ya kitochi. Kwa hiyo kila Jumapili Mboje alituma ujumbe wa sauti kwenye simu yangu, na kila Jumapili mchana Milembe alikuja kusikiliza, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. "Mwadila, mwalimu," alisema, akitaka nimjibu kwa Kisukuma kama majirani wengine. Nilimjibu kwa Kiswahili, makusudi.

"Shikamoo mwarimu. Shikamoo mayu," sauti ilianza, na mama akaiitikia simu kwa marahaba.

Maisha ya mmisionari, kama tulivyoyasikia, yalikuwa haya. Asubuhi alipiga deki ukumbi wa kanisa. Akapanga maboksi ya mchele na nepi za kuwagawia wenye watoto. Saa tano alikwenda kwa bibi mmoja mstaafu kufundishwa Kihispania. Jioni, zamu ya mchana ilipotoka kiwandani, alipanda baiskeli kwenda kubisha hodi kwenye vile vijumba vya mabati wanamoishi wahamiaji, ambako wanawake walikuwa wanarudi na vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi ya vyumba vya nyama. Alituambia wanakula chapati za mahindi na maharage, na kwamba baridi ya huko inauma masikio. Alituambia pia kwamba akikutana na mama mtu mzima anakunja goti kidogo, na wanamshangaa. Nilimwambia mwenzangu kazini kwamba tumesafirisha mtu kuvuka bahari akapige deki, wakati Bariadi ina sakafu za kutosha.

Mwezi wa tatu ikaja habari nzito. Msimamizi wake alikuwa amempa hadi mwezi wa sita. Ndani ya muda huo ilimpasa apate walau nyumba moja itakayomkubali aingie kusali nayo kila wiki. Akiikosa, atarudishwa.

Milembe aliomba nirudie kuicheza. Kisha akauliza, "Atalejeshwa kama mtu aliyeiba?"

"Atarejeshwa kama mtu aliyeshindwa," nilimwambia. "Ni vizuri ukaanza kujiandaa, mama." Nilitia sauti ya huruma, lakini moyoni nilikuwa nafurahi.

Jumapili iliyofuata Mboje alisema milango inafungwa. Akishasema tu sentensi yake ya kwanza, watu wanarudi nyuma. Nyumba moja walizima taa. Nyumba nyingine mama aliwaita watoto ndani na kushusha pazia. "Mwarimu, nisikirize ninavyosema," akaomba, na akaitamka polepole kama alivyokuwa akisimama ubaoni: "Buenas tardes, hermana. Vengo por su arma." Akatufafanulia kwamba maana yake ni habari za mchana, dada, nimekuja kwa ajili ya roho yako.

Mimi sijui Kihispania. Ila miaka kumi na tisa imenifunza kuitilia shaka r ya mtoto wa Bariadi. Milembe alipoondoka nilitafuta kwenye simu. Roho kwa Kihispania ni alma. Arma ni silaha. Kumbe Mboje, kijana mrefu mweusi mwenye shati jeupe na begi mgongoni, alikuwa akibisha hodi kwa watu wanaoishi kwa kuwahofia maofisa wa uhamiaji, akikunja goti kwa adabu na kuwaambia, dada, nimekuja kuchukua silaha yako.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kesho yake nilisimulia ofisi ya walimu nzima, nikiigiza na goti. Nassib, mwalimu wa jiografia kutoka Tanga, alicheka kuliko wote, kisha akajifuta macho na kuuliza, "Umeshamwambia lakini?"

"Nitamwambia," nikasema.

Sikumwambia. Maneno mawili tu yangetosha: sema alma. Niliyashikilia wiki kumi na moja. Nilitaka arudi. Nilitaka kitambaa kile kishushwe getini na wazee wa kanisa waliokitundika wabaki wanatazamana. Kila Jumapili Milembe alikuja, msimu ule wa kuchuma pamba, nyuzi nyeupe zimemganda kwenye kanga, akauliza, "Hajapata nyumba?" Nikamjibu hajapata, na nikampa maji ya kunywa.

Halafu Jumapili mbili zikapita bila ujumbe. Ya tatu haijafika, mtaa mzima ulishajua kwamba Mboje anarudi kabla ya muda, na kwamba amekutwa na bastola. Watu waliosimama chini ya kile kitambaa wakimwimbia sasa walipita pale wakiangalia pembeni. Nilijiambia hili sikulipanga mimi.

Alikuja kwangu siku moja baada ya kufika, mchana, na mama yake. Amekonda. Aliinama, akatoa shikamoo, akangoja nijibu. Kisha akasimulia.

Nyumba ya mwisho ya mtaa ule wa wahamiaji ilikuwa ya mama mtu mzima aitwaye Ermelinda. Yeye hakufunga mlango. Aliisikiliza ile sentensi, akamwangalia Mboje muda mrefu, akaingia ndani na kurudi na bastola iliyofungwa kwenye kitambaa cha jikoni. Ilikuwa ya mwanawe. Mwanawe alikuwa amesema mara mbili kwamba atajiua. Polisi mama huyo hakuthubutu kuwaita, kwa sababu hana karatasi za kuishi pale. Alikuwa ameomba Mungu alete mtu wa kuiondoa ndani ya nyumba, na hapo mlangoni akasimama mtu aliyepiga goti na kuitaja. Akamwekea Mboje mikononi na kulia.

Mboje aliitia kwenye begi, pamoja na Biblia, akapanda baiskeli hadi kanisani. Msimamizi alifungua begi kabla Mboje hajapata Kihispania wala Kiingereza cha kueleza. Kanuni zao ni kali kuhusu silaha. Walimpa siku kumi afungashe.

"Siku ya mwisho yure mama ariniita ndani," alisema. "Tukasari pamoja, na mtoto wake akiwepo. Nyumba moja niripata, ira muda urikuwa umekwisha." Ermelinda ndiye aliyemweleza tofauti ya maneno yale mawili. Walicheka pamoja, alisema. Halafu akanigeukia. "Nirikutumia ire sauti kwa sababu wewe hujawahi kuniachia kosa hata moja, mwarimu. Uriponyamaza, nikajua niko sawa. Nikaenderea."

Nilitafuta kejeli usoni mwake, ningeshukuru kuikuta. Haikuwepo. Mboje hana kejeli, ni upungufu wake mwingine.

Milembe ndiye aliyeniangalia. "Mwalimu," akasema, "wewe hukusikia siku ile?"

"Mtandao ulisumbua," nikasema. Alikuwa amekaa kwenye kiti hicho hicho siku ile, karibu na mlango, na sauti ilisikika mpaka nje. Alifunga vizuri kanga yake na kuangalia sakafu, nami nikaona aibu, kwanza kidogo, halafu nyingi.

Walikuwa wamekuja kwa jambo moja. Wazee wa kanisa walitaka maelezo ya maandishi, yasomwe ibadani Jumapili, ndipo waamue kama kijana ataendelea kuhudumu au atafutwa. Mboje alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne na kalamu, akaziweka mezani kwangu kwa mikono miwili.

"Niandikie wewe, mwarimu," alisema. "Mimi nitachanganya herufi."

Niliandika pale pale, wakisubiri. Nilieleza roho na silaha kwa mpangilio, nikaeleza habari za mama Ermelinda na mwanawe, nikaeleza begi na kanuni. Karatasi iliposomwa, watu wengine walilia, Mboje akabakizwa, na mzee mmoja alisimama kusifu lugha iliyotumika. Milembe bado hupita kwangu, ila siku hizi hunisalimia kwa Kiswahili. Nakala ya maelezo yale ninayo kabatini, ukurasa mmoja na nusu, hakuna l iliyokaa mahali pa r wala r mahali pa l. Nimeisoma mara nyingi. Jina langu halimo.