Darubini Iliyopindua Mwezi

Jana mjukuu wangu kafungua sanduku la ngozi lililoota ukungu, na harufu ile ikanirudisha kwetu Mahajanga, mtaa wa Tanambao. Baba alikuwa ametoka kisiwani Nosy Be na darubini kuukuu ndani ya sanduku hilo. Aliuziwa na Mfaransa mmoja wa kiwanda cha sukari, maana nchi ilikuwa yetu sasa, naye anakwenda zake. Sanduku lilikuwa zuri kuliko darubini yenyewe, lakini tuyaache hayo.

Ilikuwa magharibi, Ramadhani ishirini na tisa. Gauni langu la Idi limekwisha kupigwa pasi, na mawingu yamebakisha upenyo mdogo tu. Nikachungulia pale kwa darubini: mwezi! Nikakimbia mlangoni pa msikiti kwa fundi, ndivyo sisi Wakomoro tunavyomwita mwalimu wa chuo cha Kurani.

"Fundi, nimeuona!"

"Pembe zimetazama wapi?"

"Chini."

Wazee waliokaa naye wakacheka. "Binti, mwezi wako umemwagika!"

Basi kesho tungefunga tena. Nikalia mpaka fundi akaja kutazama mwenyewe. Akaona mnazi unaning'inia kichwa chini. "Astaghfirullah!" Hata baba hakujua kama darubini za nyota hupindua kila kitu, sembuse mimi.

Fundi akainama, akapindua na kichwa chake, akachungulia tena, kilemba kikadondoka. Akainuka, akatazama pale pale kwa macho matupu, akauona.

"Kesho Idi," akasema, akijipangusa vumbi. "Lakini binti, nilivyoinama usimwambie mtu."

Nilinyamaza vizuri sana, mpaka asubuhi.