Neno Nililolificha Katika Uwanja wa Mbunya

Siku ambayo sitaisahau, mwanangu, ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, saa nane na nusu mchana, wakati wa vita vyetu vya Ituri. Ninaitaja kwa usahihi kwa sababu nilianza shule nikiwa tayari binti wa miaka kumi na miwili, na kitu cha kwanza nilichojifunza kuandika bila msaada ni tarehe.

Asubuhi ile sisi wasichana wa timu ya mpira wa kikapu tulifagia uwanja wa Mbunya, tukaokota maganda ya risasi, tukachora mistari kwa majivu. Wenzangu wengine walikuwa wamekimbia kutoka Djugu pamoja na wazazi wao, wengine walizaliwa hapa Bunia. Mimi niliwazidi wote umri, hivyo nikawa kapiteni. Mashindano hayo yaliandaliwa na Mama Esta, muuguzi mstaafu, ili wanawake wajifunze kuitambua saratani ya titi mapema. Kando ya uwanja palikuwa na darasa, mlangoni pametundikwa kitenge, ambamo angewapima. Sharti lake lilikuwa moja: kabla ya mchezo, kila kapiteni asimame katikati na kueleza wazi jinsi mwanamke anavyojipapasa akitafuta uvimbe.

Sasa nikuambie nilichokijua mimi peke yangu. Shangazi Yudita, aliyenilea na kuuza ndizi ili nisome, alikuwa na uvimbe katika titi la kushoto. Aliubandika majani na kuukaza kwa kitambaa chini ya blauzi. Niliugundua nilipokuwa nikimsugua mgongo, naye akaniapisha nisimwambie mtu. Nilidhani kunyamaza ndiko kumheshimu. Siku ile aliketi mstari wa mbele, amekuja kuniona nikicheza.

Zamu yangu ilipofika, niliwaona wachungaji, nikawaona wazee wa ukoo, nikamwona na baba wa kijana aliyekuwa akinichumbia. Nikasema, "Akina mama, mujichunge na ugonjwa ya akina mama," kisha nikaukimbilia mpira.

Tulicheza vizuri sana, nakiri bila unyenyekevu. Mara mbili milio ya bunduki ilisikika upande wa barabara ya Komanda. Kwa kawaida yetu ya wakati ule, watu wote walilala chini, na aliyekuwa na mpira akaukumbatia hadi refa apulize filimbi tena. Mara ya pili mpira ulikuwa kwangu, na kando yangu, vumbini, alikuwa Mama Esta.

"Kapiteni," alisema, shavu likiwa chini, "ugonjwa ya akina mama ni gani? Malaria? Ao ni kupika?"

"Mama, wazee iko pale. Nilisikia haya."

"Risasi inalia, weye hauogope. Titi ndiyo unaogopa? Angalia ile mulango. Hata mutu moja hajaingia. Haya yako itazika mutu!"

Hakujua alichokisema. Nilimtazama Shangazi. Watu wote walikuwa wamelala kifudifudi. Yeye peke yake alilalia ubavu wa kulia, ameuinua mkono wa kushoto ili kifua kisiguse ardhi.

Wakati wa mapumziko sikwenda kunywa maji. Nilirudi katikati.

"Hawa batoto bamekuja kucheza ao kuhubiri?" mwanamume mmoja alipaza sauti, na watu wakacheka.

Nilingoja wamalize kucheka. Kisha nikasema: titi. Nikaweka vidole vitatu juu ya jezi yangu, nikaonyesha jinsi ya kuzunguka polepole mpaka kwapani. Sikumtaja Shangazi. Nilisema tu kwamba kapiteni anaingia kupimwa wa kwanza, na wachezaji wake watamfuata.

Tukapanga mstari, jezi zikitiririka jasho. Wapinzani wetu nao wakajiunga. "Kapiteni, usikawie, mechi haijaisha!" walinitania. Hapo Shangazi akasimama, akakung'uta kitenge chake, akaja moja kwa moja nyuma yangu.

"Songa kidogo, mutoto," alisema. "Nimechoka kulalia upande moja."

Mapumziko yale yalichukua saa nzima, na tulishindwa kwa pointi mbili. Mama Esta alimpeleka Shangazi hospitalini, na Alhamisi iliyofuata aliondolewa titi. Aliishi akaniona nikipokea diploma, akaketi mstari wa mbele tena siku ya arusi yangu, kando ya mkwe wangu, yuleyule mzee niliyemwonea haya. Marehemu mume wangu alipenda kusema kwamba alinioa kwa sababu ya hotuba ile.

Mwanangu, mtu mzima akikuapisha unyamaze kuhusu ugonjwa wake, usimwaibishe mbele ya watu, lakini usimwache peke yake na siri hiyo. Litaje jina la ugonjwa bila kutetemeka, kisha utangulie mlangoni ili aone njia. Mungu akujalie ujasiri wa wasichana wale wa Mbunya, na wote uwapendao akuachie mpaka wachoke kukushangilia.